Kura ya Maoni: Ni Swali Gani Unalojibu?



Kila baada ya miaka michache wanasiasa wetu huanza kutaja kura ya maoni. Mmoja anasema Katiba ibadilishwe, mwingine anasema isiguswe. Wananchi nao, kuanzia Maua hadi Runyenjes, kuanzia Chuka hadi Siakago, wanabaki kuulizana: hii kura ni ya nini hasa? Kuna mtu tunamchagua? Na mimi nikisema "Hapana", kutatokea nini?

Somo hili ni la vikundi vya akina mama, vyama vya vijana, jumuiya ndogo ndogo na mtu yeyote anayependa kuelewa. Someni polepole, sehemu moja moja, kisha mjadiliane kwa maswali yaliyo mwishoni. Hatutaki kumwambia mtu apige kura namna gani. Tunataka akifika kwenye karatasi ajue ni swali gani analojibu.

1. KURA YA MAONI NI NINI?

Katika uchaguzi wa kawaida tunachagua mtu: diwani wa bunge la kaunti, mbunge, seneta, gavana, Rais. Akituharibia, baada ya miaka mitano tunamtoa. Katika kura ya maoni hakuna mtu kwenye karatasi. Kuna jambo moja, na majibu ni mawili tu: Ndiyo au Hapana.

Wakulima wa kahawa na majani chai wanalijua jambo hili vizuri. Tuseme kamati ya chama cha ushirika inaleta pendekezo kwenye mkutano mkuu: kila mkulima akatwe shilingi mbili kwa kila kilo ili kununua mashine mpya. Siku hiyo hamchagui mwenyekiti. Mnaamua juu ya shilingi mbili. Lakini wote tumewahi kuona yanayotokea. Mmoja anainua mkono kukataa kwa sababu hampendi mwenyekiti. Mwingine anakubali kwa sababu mwenyekiti ni wa ukoo wake. Wa tatu hakusikia pendekezo likisomwa, anatazama tu jirani yake amefanya nini. Mwishowe mashine inakubaliwa au inakataliwa, na labda ni watu wachache tu waliofikiria mashine yenyewe.

Kura ya maoni ya taifa ni hivyo hivyo, isipokuwa mkutano ni wa nchi nzima. Na kuna tofauti moja kubwa. Kiongozi mbaya unaweza kumngoja miaka mitano. Neno likishaingia katika Katiba, kulitoa ni kazi ngumu sana.

2. INAPITA MILANGO GANI?

Katiba yetu ya 2010, katika Kifungu cha 255, inataja mambo ambayo Bunge peke yake haliwezi kuyabadilisha bila kuwauliza wananchi. Mambo hayo ni ukuu wa Katiba yenyewe, mipaka ya nchi, mamlaka ya wananchi, maadili ya taifa, haki za kimsingi za binadamu, muda wa Rais kukaa madarakani, uhuru wa mahakama na wa tume huru, kazi za Bunge, muundo wa serikali za kaunti, na sura yenyewe inayoeleza namna ya kubadilisha Katiba.

Pendekezo linaweza kuanzia sehemu mbili. Linaweza kuanzia Bungeni, na hapo linahitaji kuungwa mkono na theluthi mbili ya wabunge wote na theluthi mbili ya maseneta wote. Au linaweza kuanzia kwa wananchi. Njia hii ya pili ina milango kadhaa:

Mlango wa kwanza ni sahihi. Zinatakiwa sahihi za wapiga kura waliojiandikisha wasiopungua milioni moja.

Mlango wa pili ni Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, yaani IEBC, ambayo inakagua kama sahihi hizo zimetosha.

Mlango wa tatu ni mabunge ya kaunti. Kila bunge linapewa miezi mitatu kujadili. Likikubaliwa na mabunge yasiyopungua 24 kati ya 47, pendekezo linaendelea. Yasipofika 24, linafia hapo.

Mlango wa nne ni Bunge la Taifa na Seneti. Kama jambo ni mojawapo ya yale ya Kifungu cha 255, hata Bunge likilipitisha ni lazima lije kwa wananchi.

Mlango wa tano ni wewe na mimi, kwenye kituo cha kura.

Siku ya kura yenyewe kuna masharti mawili. Kwanza, katika angalau nusu ya kaunti, yaani 24, wafike wapiga kura wasiopungua asilimia 20 ya waliojiandikisha katika kila kaunti. Pili, waliosema Ndiyo wawe wengi kuliko waliosema Hapana, wakihesabiwa nchi nzima kwa pamoja.

Hebu tufanye hesabu kidogo. Chukua kaunti yenye wapiga kura 300,000. Wakifika 60,000 tu, kaunti hiyo imetimiza sharti lake. Watu 240,000 waliobaki nyumbani, au waliokuwa shambani wakipalilia mahindi, wameamuliwa na wenzao. Tena angalia: kaunti inahesabiwa kwa kufika tu, haihesabiwi kwa kukubali. Kaunti nzima inaweza kusema Hapana na bado jambo likapita, kama nchi kwa jumla imesema Ndiyo. Kwa hiyo mtu asikudanganye ati "kwetu tukikataa, halipiti". Kura ya Meru na ya Embu inaingia katika chungu kimoja na ya Mombasa na ya Turkana.

Nchi nyingine zimeweka mlango mwembamba zaidi. Australia inataka wengi wa nchi nzima wakubali, na pia wengi katika majimbo yasiyopungua manne kati ya sita. Matokeo yake ni kwamba katika mapendekezo 45 waliyoulizwa tangu nchi yao iungane mwaka 1901 hadi 2023, yaliyopita ni 8 tu.

3. MWAKA 2005: NDIZI NA CHUNGWA

Wenye umri wa kutosha watakumbuka. Mwaka 2004 mkutano wa Bomas ulimaliza kuandika rasimu ya Katiba. Mwezi huo huo wa Machi, Mahakama Kuu, katika kesi iliyopelekwa na Mchungaji Timothy Njoya na wenzake, iliamua kwamba Katiba mpya haiwezi kuanza kutumika bila wananchi wenyewe kuikubali kwa kura. Ndivyo kura ya maoni ya kwanza ya Kenya ilivyoanza safari yake.

Lakini rasimu iliyokuja kwenye kura haikuwa ile ya Bomas. Bunge lilikubali mabadiliko mnamo Julai 2005, na Mwanasheria Mkuu Amos Wako akatoa rasimu mpya mwezi wa Agosti. Waliokuwa wamekaa Bomas wengi wao waliona wameporwa kazi yao, hasa kuhusu mamlaka ya Rais na ya Waziri Mkuu.

Kwa kuwa si kila mtu anasoma, Tume ya Uchaguzi ya wakati huo ilitoa alama mbili. Ndiyo ilipewa ndizi, Hapana ikapewa chungwa. Rais Mwai Kibaki alisimama na ndizi. Waziri wake Raila Odinga na mawaziri wengine wakasimama na chungwa, pamoja na Uhuru Kenyatta na William Ruto waliokuwa upinzani. Serikali moja ikawa na kampeni mbili.

Tarehe 21 Novemba 2005 wananchi walipiga kura. Hapana ilipata karibu asilimia 58, Ndiyo karibu asilimia 42. Kati ya mikoa minane ya wakati ule, ndizi ilishinda katika Mkoa wa Kati peke yake. Karibu nusu ya waliojiandikisha hawakufika. Siku mbili baadaye Rais alivunja Baraza lake lote la Mawaziri, na lile chungwa likazaa chama cha siasa, ODM.

Sasa tujiulize: wananchi walijibu swali gani? Karatasi iliuliza juu ya rasimu yenye mamia ya vifungu. Lakini katika mikutano watu waliambiwa juu ya mapatano ya mwaka 2002 yaliyovunjwa, juu ya nani atakuwa Waziri Mkuu, juu ya kabila gani linatawala. Wengi walijibu swali hili: "Je, unaridhika na serikali?" Ndiyo maana hata zawadi hazikusaidia. Katikati ya kampeni, Septemba 2005, serikali ilitangaza kwamba mbuga ya Amboseli itakuwa chini ya halmashauri ya Olkejuado. Hata hivyo Mkoa wa Bonde la Ufa ulisema Hapana kwa wingi.

Kuna jambo lingine la kujifunza hapa. "Hapana" haikuleta Katiba ya Bomas. Ilituacha na Katiba ya zamani, na kwa Katiba hiyo tuliingia uchaguzi wa Desemba 2007. Yaliyofuata tunayajua: zaidi ya watu 1,100 walikufa na maelfu na maelfu wakafukuzwa makwao. Hatusemi kwamba kura ya Hapana ndiyo iliyoleta mauaji. Tunasema kwamba Hapana nayo ni jibu lenye uzito. Ukilitoa, unachagua kubaki na kilichopo, na ni vizuri ujue kilichopo ni nini.

4. MWAKA 2010: KIJANI NA NYEKUNDU

Baada ya damu hiyo, na baada ya mapatano ya tarehe 28 Februari 2008 yaliyosimamiwa na Kofi Annan, viongozi walirudi mezani. Safari hii kazi ya kuandika ilipewa Kamati ya Wataalamu chini ya Nzamba Kitonga. Rasimu ilitolewa Novemba 2009 ili watu waisome na kutoa maoni. Wabunge waliipitisha tarehe 1 Aprili 2010, na kura ikapigwa tarehe 4 Agosti. Alama zilikuwa rangi: kijani kwa Ndiyo, nyekundu kwa Hapana.

Rais Kibaki na Waziri Mkuu Raila Odinga, waliokuwa wapinzani mwaka 2005, sasa walisimama pamoja upande wa kijani. William Ruto aliongoza nyekundu. Wako pia viongozi waliosema kijani mchana na nyekundu usiku. Hao wananchi waliwaita "tikiti maji": nje kijani, ndani nyekundu.

Kwetu Meru na Embu kura ile ilikuwa na uchungu wake wa pekee. Maaskofu Wakatoliki pamoja na viongozi wa makanisa mengine mengi walipinga rasimu, hasa kwa sababu ya maneno ya Kifungu cha 26 juu ya kutoa mimba, na wengine kwa sababu ya mahakama za Kadhi. Mwenyekiti wa Baraza la Maaskofu wakati ule alikuwa Kardinali John Njue, mzaliwa wa Embu na Askofu wa kwanza wa Jimbo la Embu. Basi muumini Jumapili alisikia Hapana, na Jumatatu kwenye mkutano wa hadhara akasikia Ndiyo kutoka kwa Rais na wanasiasa wengi wa eneo lake. Katika nyumba moja baba alikuwa kijani na mama nyekundu. Wengine walipenda sana ugatuzi lakini kile Kifungu cha 26 kiliwachoma moyo. Karatasi lakini haikuwa na nafasi ya kuandika "nakubali hiki, nakataa kile". Ilikuwa ni yote au hakuna.

Huo ndio ugumu wa kura ya maoni juu ya Katiba nzima. Unapewa kapu moja lenye ndizi mbivu na mbovu, na unaambiwa ulichukue au uliache. Mtu mwenye dhamiri hapo hana budi kupima: jambo ninalolikataa lina uzito gani kando ya yale ninayoyataka? Watu wawili waaminifu wanaweza kupima na kufika mahali tofauti. Kwa hiyo hakuna sababu ya kuitana wasaliti.

Matokeo: Ndiyo ilipata kura zaidi ya milioni 6, Hapana karibu milioni 2.8. Waliofika vituoni walikuwa karibu asilimia 72 ya waliojiandikisha. Sheria ya wakati ule ilitaka pia Ndiyo ipate angalau robo ya kura katika mikoa isiyopungua mitano, na hilo lilitimia. Katiba ilianza rasmi tarehe 27 Agosti 2010. Upande ulioshindwa haukushika mawe. Watu walirudi mashambani na nchi ikaendelea.

Na je, kura ile ya siku moja ilibadilisha nini hapa? Kabla yake tulikuwa wilaya ndani ya Mkoa wa Mashariki, ambao makao yake makuu yalikuwa Embu na mpaka wake ulifika Moyale. Baada yake zikaja kaunti za Meru, Tharaka-Nithi na Embu, zilizoanza kufanya kazi mwaka 2013. Zahanati, maji, barabara ndogo, chekechea na maafisa wa kilimo wakawa mikononi mwa serikali iliyo karibu. Kaunti zote kwa pamoja zina haki ya kugawiwa si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Leo tukilalamika kwamba dawa hazipo katika zahanati, tunajua mlango wa kubisha. Mlango huo uliletwa na kura ya maoni.

5. ZILIZOKWAMA NJIANI

Tangu 2010 Kenya haijapiga kura nyingine ya maoni. Si kwamba hakuna waliojaribu.

Okoa Kenya, ya muungano wa CORD, ilipeleka sahihi kwa IEBC. Mwaka 2016 Tume ilitangaza kwamba zilizokubalika hazikufika milioni moja. Ilikwama mlango wa pili.

Punguza Mizigo, ya Dkt. Ekuru Aukot na chama chake, ilipata sahihi za kutosha mwaka 2019. Ilitaka pamoja na mambo mengine kupunguza idadi ya wabunge. Mabunge mengi ya kaunti yaliikataa. Ilikwama mlango wa tatu.

BBI, iliyotokana na Rais Uhuru Kenyatta na Raila Odinga kupeana mikono Machi 2018, ilivuka milango minne. Sahihi zilizidi milioni moja, mabunge ya kaunti zaidi ya 40 yaliipitisha, na Mei 2021 Bunge na Seneti vikakubali. Lakini tarehe 13 Mei 2021 Mahakama Kuu iliisimamisha, na Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nayo mwezi wa Agosti. Tarehe 31 Machi 2022 Mahakama ya Juu, chini ya Jaji Mkuu Martha Koome, mzaliwa wa Meru, ikatoa neno la mwisho. Ilisema Rais hawezi kutumia njia iliyowekwa kwa ajili ya wananchi wa kawaida. Pia ilisema kwamba yale maeneo bunge mapya 70 yaliingizwa bila wananchi kushirikishwa.

Mswada ule ulikuwa na mabadiliko zaidi ya 70 ndani yake. Niambie, msomaji, ni wangapi waliotia sahihi wakiwa wameyasoma hata kumi? Sahihi si salamu. Ni mlango wa kwanza, na ndio mlango pekee ulio mikononi mwako kabla ya siku ya kura.

6. TUTAZAME KWA MAJIRANI

Zanzibar. Kwa miaka mingi uchaguzi kule ulileta chuki na vifo. Novemba 2009 Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walikutana na kukubaliana. Tarehe 31 Julai 2010 Wazanzibari waliulizwa kama wanataka serikali ya umoja wa kitaifa, na asilimia 66.4 walikubali. Uchaguzi wa Oktoba mwaka ule ulipita kwa amani. Wakubwa walipatana kwanza, swali likawa moja na fupi, na kila mtu alielewa linahusu nini.

Uganda. Mwaka 2000 wananchi waliulizwa: tubaki na mfumo wa Movement au turudishe vyama vingi? Karibu asilimia 91 walisema Movement ibaki, huku wapinzani wengi wakisusia. Mwaka 2005 waliulizwa kama wanataka vyama vingi virudi. Asilimia 92 walisema ndiyo! Je, watu walibadilika hivyo katika miaka mitano? Kilichobadilika zaidi ni kwamba Rais Yoweri Museveni, aliyeunga mkono Movement mara ya kwanza, mara ya pili aliunga mkono vyama vingi. Mara ile ya pili zaidi ya nusu ya waliojiandikisha hawakwenda kupiga kura.

Tanzania. Katiba Inayopendekezwa ilipangiwa kura tarehe 30 Aprili 2015. Uandikishaji wa wapiga kura kwa mashine mpya haukuwa umekamilika, kura ikaahirishwa, na miaka mingi imepita bila kupigwa. Kura ya maoni inaweza kushindwa hata kabla karatasi hazijachapishwa.

7. BASI, KWA NINI NYINGINE HUFAULU NA NYINGINE HUSHINDWA?

Tukiyaweka pamoja tunaona mambo matano.

Kwanza, viongozi kupatana kabla. Mwaka 2005 serikali ilijigawa, jambo likaanguka. Mwaka 2010 Rais na Waziri Mkuu walisimama pamoja, jambo likapita. Zanzibar vivyo hivyo.

Pili, wananchi kuona kazi ni yao. Rasimu ya 2005 ilibadilishwa baada ya watu kuizungumza. BBI ilitoka juu ikashuka chini. Mtu hupenda mtoto aliyemlea mwenyewe.

Tatu, muda wa kusoma. Uvumi hustawi pale ambapo kitabu hakijafika. Mwaka 2010 watu waliambiwa ati mashamba yao yatachukuliwa. Tena mwezi wa Mei mwaka ule iligunduliwa kwamba baadhi ya nakala zilizochapishwa ziliongezwa maneno juu ya "usalama wa taifa" katika sura ya haki za binadamu. Waligundua kwa sababu walisoma.

Nne, kuiamini hesabu. Mshindwa atakubali kama ameona kura zikihesabiwa mbele yake.

Tano, ambalo ndilo mzizi wa mengine, ni swali. Karatasi ina swali lake, na siasa ina swali lake. Maswali hayo mawili yakikaribiana, kura ya maoni inasema kweli yale ambayo wananchi wanataka. Yakiachana, tunapata jibu la swali ambalo halikuulizwa, na tunaishi nalo miaka ishirini.

8. TUFANYE NINI?

Kabla ya kutia sahihi: omba kusoma pendekezo. Kama aliyeleta daftari hana nakala, mwambie arudi nayo. Usitoe nambari ya kitambulisho kwa sababu ya shilingi mia mbili au pakiti ya unga. Kuuliza si ujinga.

Kabla ya kupiga kura: mkae kama kikundi na mgawane kazi. Mmoja asome sehemu ya ardhi, mwingine ya kaunti, mwingine ya haki za akina mama na watoto. Kila mmoja aje awaeleze wenzake kwa lugha inayoeleweka nyumbani, iwe Kimeru, Kiembu au Kimbeere, hasa wazee wasiosoma. Halafu muulizane: kilichopo sasa kinasemaje? Kitabadilika nini? Nani atafaidika, na nani atalipa?

Siku ya kura: nenda. Kumbuka ile asilimia 20.

Baada ya kura: jirani yako aliyepiga tofauti bado ni jirani. Mtakutana kisimani, kwenye kituo cha kununulia kahawa na kwenye matanga. Wanaoitisha kura hizi wamekuwa maadui na marafiki tena mara nyingi, kama tulivyoona kati ya 2005 na 2010, na tena 2018. Haifai sisi tubaki na vidonda vya ugomvi ambao wenyewe walishausahau.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Waliopiga kura mwaka 2005 au 2010 wakumbuke: ulijibu swali la karatasi, au swali lingine? Ni nani uliyemsikiliza zaidi?

2. Vijana ambao hawakuwa na umri mwaka 2010: ni jambo gani katika Katiba mnaloliona likiwasaidia, na lipi mngetaka libadilishwe? Liko katika orodha ya Kifungu cha 255?

3. Mtu akija kijijini kesho na daftari la sahihi, tutamuuliza maswali gani matatu?

4. Ni vizuri kuulizwa mambo mengi kwa Ndiyo moja, au kila jambo liwe na kura yake? Faida na hasara ni zipi?

5. Katika chama chetu cha ushirika, kikundi cha maji au kamati ya shule, tunapopigia kura jambo fulani, je, kila mtu huwa amesomewa pendekezo kabla ya kuinua mkono? Tunaweza kuanza kurekebisha nini mwezi huu?

Kikundi kianze na hilo swali la tano. Anayezoea kuuliza "pendekezo linasemaje?" kwenye mkutano wa maji hatashindwa kuuliza hivyo hivyo siku atakapoletewa Katiba.